Kiti Kirefu cha Fundi Saa

Fundi saa, ambaye mlango wake unatazamana na cherehani yangu, akikaa kwenye kile kiti chake kirefu utadhani ni pande la mtu. Kifua kipana, mabega yamejaa, sauti nzito. Miguu ndiyo haikurefuka, na mikono nayo iliishia njiani, lakini meza inaficha mengi. Basi mbele ya mteja hashuki. Akitaka betri iliyoko kabatini, husema, "Hebu nitazamie mvua huko nje," hata jua likiwaka, kisha huteleza chini, akaichukua na kurudi kitini kabla mtu hajageuka. Sisi majirani tumeshazoea. Tunatazama mvua.

Binti wa duka la dawa humletea saa ileile kila wiki, na saa yenyewe haina ubovu wowote. Jana fundi alimwona anavuka barabara. Akafuta mikono, akashuka, akazunguka meza, akasimama mlangoni, kichwa kimepita kitasa kidogo tu, vidole vikipapasa mshono wa suruali niliyomkatia mimi. Nikajifanya natunga uzi. Binti akafika, akamtazama, akakitazama na kile kiti kitupu.

"Afadhali umeshuka," akasema. "Shingo ilikuwa inaniuma."