Shati Tulilolichoma

Mimi siamini watu haraka. Hata muuza dagaa akiniapia ni wa leo, nawanusa kwanza. Ndiyo maana mpaka leo najishangaa kwa yale niliyosema mahakamani.

Mchana ule mdogo wangu alirudi kutoka malishoni, hapa Matongo, shati limelowa damu. Ng'ombe wetu walikuwa wameingia kwenye mahindi ya jirani. Jirani akatoka na panga, wakagombana, mdogo wangu akampiga rungu la kichwa. Jirani alifia palepale.

"Alinikata na panga, likapasua shati hapa ubavuni," alisema. "Ningefanyaje?"

Baba hakumruhusu kuvuka lango. "Mura, simama hapo hapo," akasema, kama Wakurya tunavyomwita kijana. Kwetu mtu aliyemwaga damu ya mtu haingii nyumbani kabla ya kutakaswa. Mbuzi akachinjwa, mdogo wangu akapakwa majani ya tumboni mwa mbuzi, na nguo zote alizovaa zikachomwa. Aliyewasha kiberiti ni mimi. Kisha baba akampeleka polisi mwenyewe, akiamini tumefanya kila kitu sawasawa.

Wakili tuliyempata Tarime mjini alitueleza taratibu, kama anayefundisha watoto. Sheria inamruhusu mtu kujitetea. Akikujia na panga huhitaji kungoja akukate. Ila hatari iwepo kweli, na nguvu utakayotumia isizidi hatari yenyewe.

"Sasa hilo shati liko wapi?" akauliza.

"Tulilichoma," baba akasema.

"Jamani, mzee wangu! Mmechoma ushahidi wa mtoto wenu!"

Kesi ikabaki kwenye shati ambalo halipo. Mdogo wangu hakuwa na hata mkwaruzo mwilini. Upande wa mashtaka ulisema marehemu alikuwa anakata miti ya uzio, na panga huku kila mtu anatembea nalo. Walisema shati tulilichoma kwa sababu halikuwa limepasuka popote.

Hapo ndipo shaka iliponiingia, na ikiniingia mimi haitoki. Shati lilipita mikononi mwangu. Nilikumbuka damu, nilikumbuka kola, hata kifungo kilichokatika nilikikumbuka. Mpasuko sikuukumbuka. Nikamshuku mdogo wangu. Nikamshuku baba, mbona alikuwa na haraka vile ya kuchoma? Usiku silali, nalikunjua lile shati kichwani, nalikunja tena.

Siku ya ushahidi wangu, mjane wa jirani alikaa benchi la mbele na mtoto mgongoni. Hakuniondolea macho.

"Ulilishika hilo shati?" wakili wetu akaniuliza.

"Nililishika."

"Ubavuni lilikuwaje?"

Mdogo wangu aliinamisha kichwa kizimbani. Nilimbeba mgongoni huyu, nilimfundisha kuchunga.

"Lilipasuka," nikasema. "Mkono ungepita."

Akaachiwa. Mama alilia kwa furaha mpaka akaishiwa nguvu, na mimi nikalia naye, ingawa changu kilikuwa kilio kingine.

Mwezi uliopita tulikuwa wawili tu uani, tunapukuchua mahindi. Akaniuliza bila kuniangalia, "Dada, ule mpasuko uliuona kweli?"

"Si ulisema wewe mwenyewe?"

"Nilisema." Akachukua hindi lingine. "Alikuja ameshika panga, ananitukana. Sijui angelinyanyua au asingelinyanyua. Sikungoja nijue."

Nilitaka kumtukana, nilitaka kumkumbatia, nikashindwa vyote viwili. Nikaendelea kupukuchua mpaka vidole vikaniuma.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mjane kisimani. Akanisalimia vizuri, akauliza habari za mama, kisha akainama akanisaidia kujitwisha ndoo yangu. Nikashika njia ya nyumbani haraka, maji yakinimwagikia usoni.