Kamba ya Mlango wa Tabitha Wardwell

Kijijini kwetu Northwell, mpakani mwa Massachusetts, kila mke aliijua sheria hii: mume akishatoka kwenda shambani, kamba ya mlango ivutwe ndani. Ilikuwa kamba ya ngozi, imefungwa kwenye komeo na kupitishwa nje katika kitundu. Ikiwa nje, yeyote aliweza kuivuta akaingia. Ikiwa ndani, labda aje na shoka.

Tabitha aliishika sheria hiyo miaka minane. Alikuwa mchapakazi, mzito wa kumnyima mtu. Asubuhi moja ya Aprili 1746, moto ulizimika kwa jirani yake Keziah, naye akaja kuomba makaa mara ya pili.

"Nimebisha mpaka mkono umeota sugu," Keziah alisema. "Humu mna nini, dhahabu ya mfalme?"

"Mna unga, na mikono yangu imo ndani yake."

"Basi iache kamba nje, shoga. Haya nayo yakizimika njiani, nitarudi."

Tabitha akacheka, akaiacha.

Komeo lilipoinuka hakugeuka. "Yamezimika tena?" aliuliza. Binti yake Relief, wa miaka mitano, alikuwa ameshika gauni lake; sasa akajificha nyuma yake, na Tabitha akageuka. Wanaume wanne wa Kiabenaki, wenyeji wa misitu ya kaskazini tuliokuwa vitani nao, walikuwa wamesimama ndani.

Mama na mtoto walitembezwa msituni siku mbili. Sote tulikuwa tumesikia kwamba mateka anayechelewesha safari huuawa.

"Miguu inauma, mama."

"Iache iume. Usilie, mwanangu. Tembea."

Siku ya pili mmoja wao alimbeba mtoto mgongoni. Relief akaegemeza shavu begani pake, akalala. Tabitha aliniambia kwamba hapo ndipo alipoogopa kuliko mwanzo.

Mtoni, mtumbwi ulikuwa mmoja tu. Watatu walitangulia na mtoto. Mmoja akabaki ukingoni kumlinda mama. Ndipo mumewe Obadia na majirani watano walipotokea vichakani. Mlinzi akakimbilia msituni. Mmoja wa majirani hao, Eliakim Strout, akauelekeza mtutu wa bunduki kwenye mtumbwi uliokuwa katikati ya maji.

Tabitha aliusukuma chini kwa mikono miwili. "Mwanangu yumo," alisema.

Wakasimama ukingoni, wakautazama mtumbwi ukivuka.

Baada ya miaka tisa, Obadia alimpata Relief karibu na mpaka wa Kanada. Binti alijibu kupitia mkalimani: "Mwambie kwamba mama yangu ananingoja, tuna mahindi ya kutwanga." Mama huyo, Mwabenaki aliyemlea, naye alikuwa amezika binti katika vita vyetu, na tusilifiche hilo.

Wengi kijijini walimlaumu Keziah. Mimi simlaumu; aliomba tu, na mwenye mlango alikuwa mwingine. Tabitha mwenyewe hakujitetea hata siku moja.

Kamba ile ilikuwa na urefu wa shibiri moja. Ilimgharimu mtoto wake wa pekee, naye akaishi miaka thelathini na moja bila kumwona tena.