Kiporo cha Baba

Mpaka leo nikisikia harufu ya moshi wa tumbaku inayokaushwa, narudi Inyonga miaka ile ya tisini, niko darasa la saba, nimekaa dirishani na akili yangu haiko darasani. Iko porini, inamtafuta baba.

Baba alikuwa mrina asali. Kiangazi kimoja alikwenda kwenye mizinga na wenzake. Wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Walisema alifuata nyuki ng'ambo ya mto, wakaita mpaka sauti zikakauka. Wakubwa wakataka tukae matanga. Mama akawakatalia, "Nyie, nani kaona maiti? Mume wangu amekwenda porini." Wakaondoka wananong'ona.

Kwetu aliye safarini huwekewa chakula. Kila jioni mama alipakua ugali wa baba akaufunika kwa bakuli la bati, na asubuhi tukaula sisi watoto, umekauka pembeni, unanukia moshi. Masika ikaja ikapita, kiporo kipo. Nilikuwa nakitafuna huku namwona baba, sijui niite ndoto, anatoka kwenye miombo polepole, nyuki wanamzunguka wala hawamuumi, na hafiki. Sikutaka hata afike haraka. Nilitaka tu aendelee kuja.

Ndipo tukaletewa mwalimu mpya wa Kiingereza, kijana wa mbali, suruali imepigwa pasi mpaka unaiogopa. Akaandika ubaoni sentensi yenye pengo: baba yangu, pengo, porini mwaka jana. Tuchague *has gone* au *went*. Alieleza vizuri, simnyimi haki yake. *Has gone* ni mtu kaondoka na bado yuko huko. *Went* ni jambo limekwisha, na ukishataja mwaka jana huna ujanja, ni *went*. Darasa zima likanigeukia. Haki ya Mungu, mwalimu hakuwa anajua.

Nikaandika *has gone*. Akaniwekea kosa kwa wino mwekundu, akaniambia nifute. Nikakataa.

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," akasema. Hakuna aliyecheka.

Jioni akaja nyumbani kunishtaki. Tulikuwa tumeshakula, sufuria limeshaoshwa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama akamwambia, akamsogezea kigoda.

"Mama, mtoto wako ana akili, lakini neno moja tu hataki kufuta. Baba kwenda porini mwaka jana, hapo pana ugumu gani?"

Nilisikia kuni zinapasuka jikoni. Mama akainuka, akamletea mgeni maji ya kunawa, akafunua lile bakuli na kumwekea mbele ugali wa baba na dagaa wa Ikola.

"Mama, hicho ni cha baba!" Nilipiga kelele kama mtu aliyeungua.

Mwalimu akarudisha mkono. Alinitazama, akamtazama mama, na uso wake ukamshuka. Hapo akaelewa.

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Kula, mwanangu," mama akasema. "Chakula ni cha mtu aliyepo."

Akala, masikini, kila tonge linamkwama, na hakuthubutu kubakiza. Nilimchukia. Na mama nilimchukia zaidi.

Asubuhi mdogo wangu aliamka akaenda moja kwa moja mahali pa bakuli. Lilikuwa limeoshwa, limepangwa pamoja na vyombo vingine.

"Mama, kiporo cha baba kiko wapi?"

Mama alikuwa anakoroga uji, katupa mgongo.

"Leo tunakunywa uji," akasema.

Tukanywa. Ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililoniuma.

Shuleni nilifuta mwenyewe, nikaandika *went*. Mwalimu alisimama kando ya dawati langu, kalamu nyekundu mkononi, hataki kuweka vema.

"Weka tu, mwalimu," nikamwambia. "Nimepata."