Ndugu Yangu Alimpelekea Mungu Jogoo Anayesinzia

Admin, weka hii lakini ficha jina langu, kwa sababu ndugu yangu mkubwa anafuata hii page na kila kisa lazima akomenti mstari wa Biblia. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa. Kwetu ni upande wa Matiliku, lakini mkate wangu uko huku Kilifi, kwenye kwari ya mawe. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo mkiona makosa mnisamehe. Nyumbani naenda Disemba na kukiwa na matanga. Mke wangu anaishi na mama yangu, na kuku wao wanalala banda moja. Hao kuku ndio sabuni, ndio unga, ndio dawa ya presha ya mama. Mimi nikikosa kutuma kitu, kuku mmoja anafungwa miguu anapelekwa soko, na watoto wanakula.

Sasa huyu ndugu yangu ni mzee wa kanisa. Tangu baba afe, anajiita kichwa cha boma. Kweli ni kichwa tu, mikono hana.

Kwetu chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, huletwa na mama mmoja anayezunguka vijiji na dawa yake kwenye kikasha cha barafu. Chupa ikifunguliwa lazima iishe siku hiyo hiyo, na inatosha kuku wengi sana, kwa hivyo majirani wanakubaliana asubuhi moja wasifungulie kuku hadi kila mmoja atiwe tone lake jichoni. Mwaka jana ndugu yangu alimwita huyo mama wakati kuku wake wameshaanza kuzubaa. Wakachanjwa, wakafa. Yeye akahubiri kijiji kizima kwamba chanjo ndiyo inaua kuku. Ni kama mtu anayeita daktari kwa maiti, halafu anamshtaki daktari.

Safari hii mke wangu alikuwa ameongea na majirani, wote wamekubali. Ndugu yangu akapita boma kwa boma akiwakataza, na kwa sababu ndiye anayesoma matangazo kanisani, wakamsikiza. Asubuhi hiyo kila mtu akafungulia kuku. Huyo mama hangefungua chupa nzima kwa banda moja, akapeleka dawa yake ng'ambo ya mto. Mke wangu alinipigia simu akilia. Nikamwambia avumilie, huyo ni mkubwa wetu.

Kideri ikaja, na ikaanzia kwake. Aliwapa maji ya aloe vera na pilipili. Wakazidi kufa. Jumapili akachukua jogoo mmoja aliyebaki amesimama, akampeleka kanisani kama sadaka. Kwetu ibada ikiisha, vitu watu wameleta vinauzwa kwa mnada pale nje, ndizi, mayai, kuku. Mke wangu alikuwepo. Alimnong'onezea mwenzake kwamba huyo jogoo ana usingizi kuliko wazee wa viti vya mbele, wakacheka, wakadhani amechoshwa na kamba. Mama yangu akawa wa kwanza kutaja bei. Watu wakamwachia kwa heshima, akambeba jogoo wa mwanawe hadi nyumbani, akamtia bandani.

Yule jogoo alikufa kwanza. Halafu kinyesi cha kijani, mabawa yakaanguka, shingo zikapinda. Banda lote likaisha. Mke wangu alichimba shimo peke yake, maana kichwa cha boma alikuwa na mkutano wa maombi.

Nilimpigia ndugu yangu nikamuuliza kama alijua jogoo ni mgonjwa. Hata hakukana. "Sasa angekufa bure?" akaniambia. "Afadhali alifanya kazi ya Bwana."

Nimebeba mawe miaka mingi na nimeishi na watu wa kila aina, wezi na walevi. Lakini mlevi akikuletea kitu kilichooza, angalau anaona haya. Huyu alimpa Mungu mzoga unaotembea, akapigiwa makofi.

Sasa sikieni. Kabla ya hayo yote mke wangu alikuwa amempa dada yake wa Kikima kuku mmoja wa kufuga, wagawane vifaranga. Huko walichanjwa, wako wazima, na mgao wetu umefika wiki hii. Hata hawajazoea banda, ndugu yangu amemtuma mtoto akachukue mitetea wawili na jogoo, eti yeye ndiye mkubwa aanze kwanza. Mke wangu alimrudisha mtoto mikono mitupu. Akaniambia, "Baba Mwende, hata yai likitoka hapa kwenda kwake, mimi nabeba hawa kuku naenda nao kwa dada yangu Kikima na sirudi." Namjua, hatanii.

Mama naye anataka tumpe. Jana nilimkemea kwenye simu, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Mwaitu, mama yangu, huyo mwanao alikuuzia kifo mbele ya kanisa na bado unamtetea?"

Akasema, "Mimi nilimwona yule jogoo anasinzia nikiwa bado nimekaa. Watu walikuwa wanaanza kucheka. Ningemwacha mtoto wangu aaibike? Nilimnunua nimtoe pale haraka. Nilifikiri nitamchinja tukifika, halafu nikamhurumia."

Sijamwambia mke wangu. Hadi leo anaamini mama alidanganywa kama yeye. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumtupia ndugu yangu Disemba mbele ya ukoo wote, na sasa kila neno nikilipima naona litampita yeye limwangukie mama.

Nikimpa yule mnafiki kuku, nimepoteza mke. Nikimnyima, mama atamwambia mke wangu ukweli mwenyewe ili lawama imtoke mwanawe, namjua, na yeye na mke wangu wanalala boma moja mimi nikiwa huku kwenye mawe. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Na wewe kaka, ukiwa umesoma mpaka hapa, leo usikomenti.