Siku Tuliyoikwepa Chake

Nakumbuka siku niliyomfunga mama yangu nyuma ya gari nikamkokota kutoka Wete kwenda Chokocho. Usishtuke, mwanangu. Nilichokifunga ni nyumba ya tela aliyolala ndani yake. Lakini mtu akinishutumu kwa maneno yale ya mwanzo sitambishia, maana kila nikizidi kuzeeka naiona tofauti yake kuwa ndogo.

Ilikuwa miaka ile baada ya Mapinduzi, wageni waliotujengea barabara ya lami walipomaliza kazi wakenda zao. Waliacha vitu vingi vibovu na kimoja kizima, nacho ni kijumba cha bati jeupe juu ya magurudumu, chenye kitanda, dirisha na mlango. Bwana mkubwa wao alikuwa akilala humo popote barabara ilipomfikisha. Kijumba kilibaki kwenye uwanja wa karakana pale Wete, nilipokuwa dereva, na kuku wa jirani wakawa wanatagia chini yake.

Mama yangu, Bi Mchanga, alikuwa anaumwa mgongo, pamoja na mengine ambayo daktari aliyasema kwa sauti ndogo. Hakuweza kukaa, na akiinuliwa tu alilia. Asubuhi moja aliniita akaniambia anataka kupelekwa kwao Chokocho, kwa dada yake Bi Mauwa. Huyo mama mkubwa wangu miguu ilikuwa imeshamkataa, asingeweza kuja yeye.

Lazima nikueleze kilichokuwa baina yao. Mama yao alipofariki, mama yangu alikuwa ameshaolewa Wete. Habari ilichelewa kumfika na gari hazikuwako, akawasili watu wamesharudi makaburini wananawa mikono. Bi Mauwa, kwa uchungu wake, akamwambia mbele ya wafiwa wote, "Umekuja kula hitima." Hawakusemezana tena. Mimi nikazaliwa, nikakua, nikaota ndevu, na mama zangu wawili bado wanapelekeana salamu za juu juu kwa midomo ya watu. Sasa Bi Mauwa alikuwa amemtuma mchukuzi wa ndizi atwambie, "Mwambieni aje tuwiane radhi. Radhi ya mdomo wa mtu mwengine mie siitaki." Tangu mama aliposikia hayo hakuwa na haja nyingine hapa duniani. Hata uji alikuwa akiunywa ili apate nguvu za safari.

Gari ya hospitali ilikuwa juu ya mawe inangoja vipuri. Gari za abiria zilikuwa na mabao ya kukalia, si kitu cha kumlaza mgonjwa. Ndipo nilipokikumbuka kile kijumba. Mkuu wa karakana alikuwa mtu mwema, akanipa kwa siku moja, pamoja na Landrova ya kukikokotea.

Ilibaki njia. Wewe, mwanangu, uliyezoea foleni za Dar es Salaam na simu inayokwambia pinda hapa pinda pale, utacheka ukisikia naihofia Chake. Cheka. Lakini ulikuwa msimu wa karafuu, na Chake wakati wa msimu haipitiki. Malori yalipanga mstari mpaka nje ya mji yakingoja kituo cha kununulia. Katikati yao mlikuwa na gari za ng'ombe, wachukuzi, wauza mihogo, na watoto wa skuli wanaookota karafuu zilizomwagika. Njia yenyewe ni mlima na kona. Na tela, nikwambie, halifuati gari kama mbuzi anavyofuata kamba. Gari likipinda, lenyewe hukata kona kwa ndani na kusomba kilichopo. Kulirudisha nyuma mlimani, na mgonjwa ndani, hilo sikutaka hata kulifikiria.

Basi nikaamua kuuzunguka mji. Tungeiacha lami kabla ya Chake, tushike njia ya udongo ya mashariki, tupite Vitongoji na Pujini, tuirudie lami upande wa kusini, kisha Mtambile, Kengeja, mpaka Chokocho. Sikuamua kwa kubahatisha. Nilikata kamba yenye upana sawa na kijumba, nikapanda baskeli, nikaipita njia yote hiyo. Kila kidaraja nilikitandazia kamba yangu. Matawi yaliyoinama niliyakata kwa panga, mashimo niliyajaza mawe. Nilijua pa kupumzikia gari na pa kupishana na lori. Sijapata kuipanga njia nyingine vizuri namna ile, na mpaka leo sijui ningeongeza nini katika upande wa njia.

Tatizo ni kwamba mtu hapiti Pemba na kamba mkononi asiulizwe. Kila nilipoinama darajani alitokea mtu.

"Wambaje, kijana? Wapima nini hapo?"

Nami nikijibu, na tena kwa kujisikia. Namleta mama yangu, Bi Mchanga wa Chokocho, ndani ya nyumba yenye kitanda na dirisha, siku fulani, asubuhi. Watu walishangaa, wakaniombea dua, wakanisifu kuwa mtoto wa kweli. Nilirudi Wete nimevimba kichwa.

Siku yenyewe tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Dada yangu Zuhura alikaa ndani na mama. Tulikubaliana kwamba kukiwa na jambo agonge ukuta wa bati kwa kijiko, maana mimi mbele nisingesikia sauti. Lami tuliipita vizuri. Tukaiacha, tukaingia njia ya udongo, na magurudumu yakapita juu ya mawe yangu kwa upole kabisa. Nikajiambia, leo Chake itatungoja mpaka ichoke.

Vitongoji tuliwakuta wamesimama njiani. Wanawake mbele na mabakuli ya uji yaliyofunikwa kawa, wanaume nyuma. Wengine walikuwa wametoka kwenye majamvi yao ya karafuu, mikono inanukia. Nilipunguza mwendo. Nikasikia kijiko, nikashuka, na mama akanambia kupitia dirishani, "Simama, mwanangu. Watu hawapitwi hivi."

Nikasimama. Ningefanyaje? Kumjulia hali mgonjwa ni sunna, na uso umeumbwa na haya. Wanawake wakaingia ndani wawili wawili, na mimi, kama inavyopasa, nikaenda kusimama na wanaume mbele ya gari. Tukaulizana habari za nyumbani, za shamba, za mwaka huu na karafuu zake. Nikitazama jua. Mzee mmoja akaniona, akanishika bega. "Kijana, haraka haraka haina baraka."

Nilitaka kumwambia kwamba ngoja ngoja nayo huumiza matumbo. Mzee humwambii hivyo.

Tukaondoka, na mbele tukakuta wengine. Kisha wengine tena. Habari niliyoipanda mwenyewe kwa baskeli ilikuwa imeota kando ya njia nzima. Hapa yupo binamu wa baba, pale mwanamke aliyechezewa ngoma siku moja na mama, pale shehe aliyetaka kusoma Yasini, naye akaisoma yote, taratibu, na sisi tumenyoosha viganja. Nani wa kumkatiza shehe? Pujini walichinja kuku. Nikasema hatuli, wakasema basi supu ya mgonjwa tu, na supu ikangojwa ichemke. Kila mahali wanawake waliingia, na kila mahali mimi nilibaki mbele na wanaume, nikijibu salamu huku moyo unaniwaka. Kijiko hakikugongwa tena, nami nikajituliza kwamba kama kuna jambo Zuhura angegonga.

Malori ya Chake, mwanangu, yasingetuuliza hali. Yangetukalisha juani, dereva mmoja angenitukana, na mwisho tungepita. Foleni ya magari hufika pahala ikafunguka. Hii niliyoichagua mimi ilikuwa ya watu wanaonipenda, na kwa hiyo sikujua namna ya kuitoka.

Tulipoirudia lami jua lilikuwa limeshapinduka. Nilikwenda kwa kasi niliyothubutu. Kengeja gari ya abiria ilikuwa imesimama katikati ya njia inapakia mikungu ya ndizi, na utingo wake alipokiona kijumba cheupe akapiga kelele kwamba ndiyo hiyo, Bi Mchanga kaja. Wakaja nao. Nikaushika usukani kwa mikono miwili na nikalia, mwanamme mzima, na waliponiona nalia wakazidi kunihurumia na kuniliwaza, na huko kuliwazwa nako kulichukua muda wake.

Tulitoka Kengeja, hatukwenda mbali, nikasikia kijiko. Hakikugongwa kwa nguvu. Kiligonga kidogo, kikanyamaza.

Sikusimama. Mara hiyo, wakati hakukuwa tena na cha kuwahi, ndiyo mara pekee siku ile ambayo sikusimama.

Bi Mauwa alikuwa amejibebesha mpaka kando ya njia, akawekwa juu ya mkeka. Alikuwa amevaa kanga mpya na kujifukiza udi, kama anayepokea bibi harusi. Alikuwa hapo tangu asubuhi, wakamletea chakula hapo hapo, asikile. Niliposhuka alinitazama uso, akajua.

"Wapi mmekaa?" akasema.

Nikamweleza. Nikamtajia Vitongoji, Pujini, shehe na Yasini yake, supu, Kengeja. Nilisema mpaka nikaishiwa, na maneno yangu yalizidi kunuka kila yalipotoka.

"Pemba nzima imemuona ndugu yangu," akasema. "Nimebaki mie."

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni mwa kijumba, na kijiko bado kiko mkononi. Akasema kwa sauti ya mtu asiyetaka kusema, "Mama mkubwa, kila tulipokuwa tukisimama alikuwa akiuliza, 'Ndo tushafika kwa Da Mauwa?' Watu wakiingia alikuwa akiwatazama nyuso, mmoja mmoja. Nilikuwa nikimwambia bado. Pujini akanyamaza, sikudhani… Kengeja akauliza tena, na mwanamke mmoja pale, kwa kumpoza, akamwambia, 'Ehe, ushafika.' Akafumba macho, ndipo nikagonga."

Bi Mauwa alitaka aingizwe ndani. Tukambeba. Alimsogelea nduguye, akaweka mdomo sikioni, akasema alichotaka kukisema tangu mimi sijazaliwa. Kisha akainua kichwa na kungoja. Nilimuona, mwanangu. Alingoja jawabu. Alingoja mpaka mmoja wa wanawe akamgusa mkono.

Alipotolewa nje aliniita. Nilipiga magoti nikidhani atanilaani, na ningeipokea laana hiyo kwa shukrani. Hakunilaani.

"Njia uliipima kwa kamba," akasema. "Watu je? Hukujua kuwa wapo?"

"Niliona haya, mama mkubwa."

"Haya," akasema. "Haya yako uliwaonea wao. Na mie niliyekaa hapa juani, ulinionea nini?"

Aliishi miaka mingi bado, na kila nikenda kumuamkia alikuwa akinipokea vizuri, akinitilia chai kwa mkono wake. Hakunikumbusha tena. Lakini chai ile sikuwahi kuisikia tamu.

Sasa nakwambia ninachokwambia, na usidhani nakwambia kwa sababu nimepata dawa. Sikupata. Mara nyingine nafikiri tungepita Chake angefia katikati ya malori, na hao watu wema wasingemuona hata kidogo, na ningekaa hapa nikijilaumu kwa hilo. Hayo anayajua Mungu. Ninachokijua mimi ni hiki. Ukiwa na mzigo wa kufikisha kwa mtu, jua nani anakungoja mwisho wa njia, na umuonee haya yeye kabla ya wengine wote. Usitangaze safari yako kwa kila mwenye kuuliza. Tanguliza mjumbe akawaambie watu, mgonjwa anapita, mwombeeni hapo hapo mlipo, na mkitaka kumuona njooni kwao akishafika. Wakikusimamisha, toa mkono dirishani, sema, "Tuwieni radhi, tunangojwa," na mguu usiutoe kwenye mafuta. Wapo watakaonuna. Waache wanune, utarudi kuwaomba radhi nawe una uhai na wao wana uhai. Na ukimweka mtu nyuma yako ambako humsikii, usikae mbele ukangoja akugongee. Shuka, fungua mlango, umuulize mwenyewe anataka nini. Wanawake watajifunika, hawatakufa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe uso mkavu siku unapouhitaji, na akuregeshee haya zako siku inayofuata. Akufungulie njia za magari na njia za watu. Na akufikishe kwa unayemwendea ukiwa bado una cha kumwambia, na yeye bado anaweza kukujibu.