Boksi Lisilo na Nyama ya Kopo

Kwa watu wa visiwani Antique wanaoishi ughaibuni, kwenye baridi ya Winnipeg, kupeleka boksi nyumbani bila nyama ya kopo ni sawa na kwenda harusini peku. Hakuna sheria inayokataza, ila utasemwa mpaka wajukuu zako waje wasikie. Editha aliyajua hayo vizuri. Alikuwa amepeleka maboksi kwa miaka mingi, na kila moja lilisheheni makopo hata wapagazi wa bandarini wakamlaani aliyelifunga.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa. Kazi yake ilikuwa kufua na kukunja mashuka ya hospitali. Alipanga nyumba pamoja na Wilma, waliyetoka naye mji mmoja, na katikati ya sebule yao hapakukosekana boksi, kubwa la kumtosha mtu mzima akijikunja. Nauli hutozwa kwa boksi, si kwa uzito, kwa hiyo watu wetu wakiona upenyo wa hewa huona hasara. Viatu hujazwa sabuni, vikombe hujazwa peremende, na mwisho watu hukalia mfuniko mpaka ukubali wenyewe.

Tabia hiyo ndiyo iliyomtia aibu. Mwaka juzi alimpelekea mama yake sahani za kaure. Karatasi za kuzifungia aliziona upotevu. "Karatasi hailiwi," alisema, akazishindilia sahani katikati ya makopo. Makopo yalifika salama salimini. Jocelyn, mke wa mdogo wake, akampigia simu mbele ya ukoo mzima, akimwita Manang, yaani dada mkubwa: "Manang, asante kwa kokoto. Tutazimwaga uani, kuna matope." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Editha naye alicheka, kisha akaingia bafuni akalia.

Sasa mama yake, Nanay Sepa, alikuwa anatimiza miaka themanini. Ujana wake wote mama huyu aliumaliza akiwa mtumishi katika nyumba ya matajiri wa mji. Humo kulikuwa na bakuli kubwa la kioo la sharubati, na vikombe vyake vidogo vikining'inia ukingoni. Kila sikukuu aliliosha, akalikausha, akalijaza, akawapakulia wageni. Yeye hakuonja hata tone. Wala hakulalamika; alilisimulia tu, jinsi mwanga ulivyocheza ndani yake, na Editha alilisikia bakuli hilo tangu utotoni. Ndipo siku moja, katika duka la mitumba, akaona pacha lake, zima, na vikombe vyote. Alilivamia kabla ya kuuliza bei. Kuna bibi wa watu alisukumwa siku hiyo, na aliombwa radhi baadaye.

Editha akakata shauri: bakuli hili litafika zima kwa siku ya mama, au yeye hafungi boksi tena maishani mwake. Na kwa kuwa aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, hakutaka kopo hata moja karibu nalo.

"Hata moja?" Wilma alishangaa. "We Manang, una homa? Jocelyn ameshatangaza nyama mtaa mzima."

"Basi watakula dagaa."

"Na likivunjika je? Nyama hamna, bakuli hamna. Nyumbani hutakanyaga tena!"

"Ndiyo maana halivunjiki. Nipe hayo mataulo, acha uchuro."

Akaanza kazi. Chini alitandika blanketi, amelikunja kwa mkono wa kazini, pembe juu ya pembe. Vikombe alivivika pedi za kike kimoja kimoja. Pedi hushika zenyewe, na ulaini wake plastiki ya mapovu haiufikii. Tena zitatumika, maana Jocelyn ana mabinti watatu. Tumbo la bakuli alilijaza soksi, akalizungushia mataulo, akalitia katika boksi lake dogo, na hilo dogo akaliketisha katikati ya lile kubwa. Pande zote nne alishindilia nepi za kitinda mimba wa Jocelyn mpaka kidole kikakosa pa kupita. Juu akaweka mashuka na fulana. Hewa haikubaki, na kila kilichojaza nafasi kilikuwa zawadi ya mtu. Alijisifu kwa sauti, kisha akapiga selotepu na kwenda zake kazini.

Aliporudi alilisukuma boksi kwa kiuno ili apite. Pembe moja ikagoma. Akasukuma tena, likazunguka kama jahazi lenye nanga. Editha akasimama. Boksi la nguo halina pembe nzito! Akachukua kisu, akakata selotepu, akapenyeza mkono kati ya nepi, na vidole vyake vikagusa bati baridi. Huko jikoni Wilma alikuwa anaosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

"Wilma!"

"Manang, ni machache tu. Nimeyavisha soksi."

"Nitakuvisha soksi ya mdomo! Unataka kuniua?"

"Watakusema, Manang." Wilma aligeuka, machozi yakimlengalenga. "We uko huku, husikii. Mimi dada yangu huniambia kila kitu. Waliposema zile sahani niliumia kuliko wewe."

Hasira zikamwishia Editha zote. Akayatoa makopo, akajaza pengo kwa nepi upya, akakandamiza kila upande kwa kiganja.

"Basi waniseme. Njoo ukalie hapa, nifunge," alisema. Wilma akakalia mfuniko, amekunja mikono, na selotepu ikapita ikilia, mara kwenye mshono, mara kwenye kingo, mpaka karatasi ikakaribia kutoonekana.

Manong Dado, mzee anayezunguka na gari kukusanya maboksi, alifika Jumamosi. Kwa mazoea yake alilitikisa.

"Hili limekufa? Halisemi kitu."

"Lina kioo, Manong."

"Kioo! Mwanangu, mimi kioo sikubali lawama. Huko njiani hakuna anayebembeleza boksi. Hutupwa kama gunia la mpunga."

Editha alilitazama boksi, akaiwaza bahari yote iliyokuwa mbele yake, miezi ya kulala na kuamka akijiuliza. Akaona hapana.

"Litupe," alisema.

"Eti?"

"Panda nalo garini ulitupe chini. Kama ni kokoto, ziwe kokoto hapa hapa nizione kwa macho yangu."

"Huyu mama ana wazimu," Manong Dado alimwambia Wilma.

"Kila siku namwambia," akajibu Wilma, na kuziba masikio.

Mzee akalipandisha garini, akalisukuma chini. Lilianguka kwa pembe, likabingirika, mbwa wa jirani akabweka. Editha alipiga magoti kwenye lami ya baridi, akaweka sikio, akatikisa huku, akatikisa kule. Hakusikia mlio wowote. Akainuka, akajipangusa magoti.

"Haya, pakia," alisema kama malkia.

Boksi lilifika kabla ya siku, na Editha akapiga marufuku lisifunguliwe. Siku yenyewe, kule ilikuwa jioni na huku alfajiri, theluji mpaka dirishani. Yeye na Wilma wakabanana mbele ya simu. Ukoo ulikuwa uani: pansit ya tambi, nguruwe mzima wa kuchoma, padre, na Nanay Sepa katikati kwa gauni jipya. Jocelyn alishika kisu.

"Mbona jepesi? Manang, nyama iko wapi?"

"Endelea tu!"

Zikatoka nepi, zikatoka pedi. Padre akashika moja yenye kikombe ndani, akaigeuza huku na huku, akauliza ni kitambaa cha nini. Halafu mataulo yakafunguliwa, na bakuli likakaa mezani. Jocelyn alipitisha kidole ukingoni, pole pole, akazunguka mpaka alipoanzia, akaligonga kwa ukucha. Likaimba.

"Zima," alisema chini chini. Kisha akapaza sauti ikasikika mpaka kanisani: "Zima! Manang, zima!"

Uani wakapiga vigelegele. Winnipeg, Editha aliruka akaangusha kiti, Wilma akacheza na mwiko mkononi, na jirani wa juu akagonga sakafu mpaka akachoka. Furaha ya namna ile Editha hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

Bakuli likajazwa maji ya nazi changa na vipande vya tikiti. Nanay Sepa akainuka upesi, mkono umekwisha kushika upawa.

"Kaa, Nanay," Jocelyn akamshika bega. "Leo wageni ndio wa kungoja."

Akampakulia yeye kwanza, kabla ya padre. Kikongwe akanywa bila haraka, na ukoo mzima ukasimama ukimtazama.

"Nanay, tamu?" Editha aliuliza.

Mama alikitazama kikombe hadi chini, akaegemea kiti, akamnyooshea Jocelyn.

"Jaza tena," alisema.