Daktari wa Kwenye Simu Aliniambia Nigonge Ukuta

Daktari wa kwenye simu aligoma kunipa ED, ile karatasi ya kuthibitisha kwamba unaumwa. Akaniambia nigonge ukuta.

Ndiyo, ukuta. Tulieni niwape mkasa.

Naitwa Vailet. Nilitoka Njombe kuja Babati kuuza kwenye duka la pembejeo, nikapanga chumba mtaa wa Singe. Nyumba ina wapangaji kibao, ila mimi niliishi kama niko peke yangu duniani. Nikitoka kazini ni mlango, komeo, simu.

Nilipohamia nilingoja mtu aje kunikaribisha. Hakuja mtu. Nikasema poa, kumbe watu wa huku wana maringo. Nikawa natupa shikamoo juu juu, napita zangu.

Upweke unauma, jamani. Kuna Jumapili nzima sikufungua mdomo kuongea na mtu.

Basi nikaumwa. Homa, kikohozi, kifua kinachoma. Nikisimama, miguu inagoma. Nikampigia bosi wangu, Cornel.

"Lete ED ya daktari anayetambulika," akasema. "Mwenzako aliniletea ya kufoji. Ukikosa, majaribio yako ya kazi yameishia hapo."

Na kazi ndiyo kitu pekee kilichonileta mji huu. Nikajifunika blanketi, nikatafuta daktari wa video. Akatokea Dokta Mektilda, mama mtu mzima, mpole lakini hana utani.

"Siandiki ED kwa kuona uso tu," akasema. "Nataka mtu akuhesabie pumzi. Ukijihesabia mwenyewe unaziharibu. Uko na nani hapo?"

"Sina mtu."

"Jirani?"

"Hatujuani, dokta."

Machozi yakanitoka mbele ya kamera. Niliona aibu sana.

"Gonga ukuta," akasema.

Nikagonga kinyonge, nikajikokota kufungua komeo. Hata sijarudi kitandani, Mama Naiputa wa chumba cha pili kashaingia, shuka begani.

Dokta akampa kazi. Mama akakikazia macho kifua changu, anahesabu kwa Kimaasai, midomo inacheza. Alipoambiwa acha, akataja idadi.

Dokta akaiandika.

"ED nakutumia. Lakini hayo siyo mafua, binti. Nahofia mapafu. Hospitali, sasa hivi. Usithubutu kulala nayo."

Bajaji ikaitwa. Mama Naiputa akanipakata kichwa njia nzima. Mimi nalia tu.

"Mama, mbona hamkuwahi kuja kwangu?"

Akashangaa. "Sisi? Siku umehamia tulipika chai, tukakaa uani tunakungoja. Mgeni ndiye anapita mlango kwa mlango, anasema mimi fulani, natoka mahali fulani. Wewe ukafunga mlango. Chai ikapoa. Tukasema huyu hataki watu."

Miezi yote ile ya kulia na mto, kumbe tulikuwa tunasubiriana!

Nikiwa wodini nikamtumia bosi ED, akanijibu. Alishampigia dokta kuhakiki, ED ikakubalika. Ujumbe wake wote ulikuwa neno moja: "Imepokelewa."

Hata pole hakuna. Pembeni yangu Mama Naiputa anapoza uji wa maziwa.

Kazi ninayo mpaka leo. Ila nikuambie wewe uliyehamia mji usiokujua: ED utaipata hata kwenye simu. Mtu wa kukuhesabia pumzi humpati huko. Toka nje, kabishe hodi leo, ungali mzima.